Mtahiniwa Ndani ya Nyumba: Namna ya Kumsindikiza Mtoto wa Kidato cha Nne Bila Kumvunja

Waliosoma bweni wanalijua karai. Saa saba usiku, darasa la kidato cha nne, jenereta imeshazimwa, mshumaa unachuruzika juu ya dawati, na miguu imetumbukizwa kwenye maji ya baridi ili usingizi usipate pa kukaa. Tuliita kupiga msuli. Aliyevumilia hadi adhana ya alfajiri alisifiwa. Aliyekwenda kulala saa nne alionekana hana malengo. Mimi nilidumu na karai langu wiki sita. Asubuhi ya pepa ya Jiografia nililisoma swali la kwanza mara nne na sikuelewa linataka nini. Mada yenyewe nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kwa kalamu za rangi tatu.

Siku hizi nasimama upande wa pili wa dawati, kama mwalimu na kama mzazi, na karai bado lipo. Limebadilika sura tu. Ni tuisheni ya saa kumi na moja jioni baada ya vipindi vya kutwa nzima. Ni kambi ya watahiniwa inayomeza likizo. Ni simu ya shangazi kila Jumapili: "Vipi huyo, tutegemee divisheni wani?"

Makala haya ni ya mzazi au mlezi mwenye mtahiniwa ndani ya nyumba. Nimemchukua mtoto wa kidato cha nne wa Tanzania kwa kuwa ndiye ninayemjua zaidi, lakini mwenye mtoto wa darasa la saba au wa kidato cha sita, au mwenye mtahiniwa wa KCSE kule Kenya, naye atapata la kuchukua.

Tuelewane kwanza: presha kidogo haina ubaya. Mtoto asiye na wasiwasi wowote hafungui daftari. Na mtihani huu ni mzito kweli. Ndio unaoamua nani aende kidato cha tano, nani chuo, nani atafute njia nyingine. Kinachomvunja mtoto ni pale anapoamini kwamba mtihani utaamua pia nafasi yake nyumbani, kwamba akipata wani ni mwanao na akipata ziro ni aibu yako. Hofu ya namna hiyo haimsukumi kusoma. Inakaa naye kwenye dawati inamla muda. Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi mwaka huu ni kutenganisha mizani mbili, ile ya Baraza la Mitihani na ile ya nyumbani. Kazi hiyo hufanywa kwa mambo madogo madogo, na ndiyo nitakayoyataja.

1. Msome kabla hujamshauri

Watoto wetu hawaji kusema "nina msongo wa mawazo". Husema tumbo linauma. Angalia linauma lini. Likiuma kila Jumapili jioni na kupona Ijumaa mchana, tatizo huenda haliko tumboni.

Angalia na haya: kichwa kinachomuuma mara kwa mara na vipimo vya malaria na macho havionyeshi kitu, hasira kwa wadogo zake kwa jambo dogo, kukaa na kitabu saa mbili bila kugeuza ukurasa, kuacha mpira, kwaya au madrasa aliyokuwa akiipenda, kula kupita kiasi au kusukuma sahani, kuficha karatasi za majaribio. Kwa msichana, siku zake zinaweza kuvurugika.

Ukiona mambo mawili matatu, usimwite sebuleni na kumkalisha kama mtuhumiwa. Watoto wengi husema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Mwite mmenye viazi, au mtume dukani kisha mfuate njiani. Uliza swali moja, kisha nyamaza: "Shuleni siku hizi kugumu wapi?" Atakachosema kwanza si chenyewe. Subiri cha pili.

2. Geuza hofu kuwa hesabu

Hofu ya mtihani hukua kwa sababu haina kipimo. Mtoto anajua tu kwamba "hali ni mbaya". Kaa naye, muwe na karatasi na kikokotoo, muipime hiyo hali.

Hesabu ya madaraja ni hii. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Baraza huchukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi zake. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 hadi 35 ndiyo ziro. Kwa alama, A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30.

Sasa tuseme mtihani wa utamilifu, ule tunaouita moko, umeleta matokeo haya: Kiswahili 68, Historia 52, Uraia 49, Kiingereza 47, Jiografia 41, Biolojia 40, Hisabati 24. Ukijumlisha pointi unapata 24, daraja la tatu. Mtoto analia, baba amenuna.

Tazama tena karatasi. Jiografia inahitaji alama 4 kufika C. Biolojia inahitaji 5. Hisabati inahitaji 6 kutoka F kwenda D. Jumla ni alama 15, na pointi zinashuka kutoka 24 hadi 21, yaani daraja la pili. Kati ya moko na mtihani wa Novemba mara nyingi kuna kama miezi mitatu. Alama 15 katika masomo matatu kwa miezi mitatu ni wastani wa alama tano kwa mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

Hesabu hii hufanya mambo mawili. Humwonyesha mtoto kwamba hahitaji kuwa mtu mwingine ili afaulu, na humwambia aanzie wapi. Zile alama sita za Hisabati hazipatikani kwa kuanza kitabu upya kuanzia kidato cha kwanza. Zinapatikana kwa kuzishika barabara mada mbili tatu zinazojirudia kwenye mitihani, kama Seti na Takwimu. Mwombe mwalimu wa somo azitaje. Atafurahi kuulizwa swali la namna hiyo badala ya "mwanangu atafaulu kweli?"

Ibandike hiyo karatasi ukutani chumbani kwake. Sebuleni hapana.

3. Linda usingizi kama unavyoilinda ada

Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mapendekezo yao ya mwaka 2016, waliweka saa 8 hadi 10 kwa siku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Sababu ni kwamba ubongo hutumia usingizi kupanga na kuhifadhi kilichosomwa mchana. Mtoto anayekata usingizi ili asome zaidi anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, na ndicho kilichonipata mimi na Jiografia yangu.

Najua maisha yetu. Mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto anayesoma mjini anaamka saa kumi na moja alfajiri agombee daladala, na konda anamwangalia sare anageuza uso. Ili apate saa nane, awe amelala saa tatu usiku. Kwa nyumba nyingi haiwezekani kila siku. Basi weka mpaka usiovukwa: saa nne usiku vitabu vinafungwa, hata kama hajamaliza. Kama kuna kilichobaki, kisomwe Jumamosi asubuhi. Alale mchana kidogo Jumamosi na Jumapili bila mtu kumwita mvivu.

Simu yake ilale chumbani kwako, na yako usiitumie mbele yake kitandani, maana sheria ya upande mmoja haidumu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye chupa ndogo za plastiki viondoke kabisa kwenye ratiba ya mtahiniwa. Humnyima usingizi usiku, kesho yake darasani humwacha amelewa uchovu.

4. Badilisha namna ya kusoma, si muda tu

Watoto wengi husoma kwa kurudia: wanafungua daftari, wanapitisha macho, wanapiga mstari, wanapitisha tena. Inaliwaza, kwa sababu kila kitu kinaonekana unakijua. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Wengine wakairudia mara kadhaa, wengine wakaisoma kisha wakafunga na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Na waliorudia ndio waliokuwa wamejiamini zaidi kwamba wamejua.

Hapo ndipo presha inapozaliwa. Mtoto amekesha, ameamini anajua, ameingia kwenye chumba cha mtihani akakuta hakuna kitu. Anahitimisha kwamba yeye ni mjinga, kumbe njia ndiyo mbovu.

Mfundishe mzunguko huu wa dakika arobaini. Dakika ishirini asome mada moja. Dakika kumi afunge daftari aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu. Dakika tano afungue aone alichosahau, akiandike kwa wino mwekundu. Dakika tano ainuke, anywe maji, atoke nje. Mizunguko mitatu ya namna hii jioni inashinda saa tano za karai. Mwisho wa wiki afanye mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa muda ule ule wa mtihani, saa ikiwa mezani.

Kuna kikwazo chetu wenyewe: lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza. Wengine hadi kidato cha nne wanakariri sentensi wasizozielewa, na kukariri usichokielewa kunachosha kuliko kubeba mizigo. Dawa ya nyumbani ni hii: kabla hajaandika kwa Kiingereza, akueleze mada kwa Kiswahili kama anavyomweleza bibi yake kijijini. "Mwanangu, hiyo fotosinthesi ndiyo nini?" Huhitaji kujua jibu. Ukiona anazunguka, hajaelewa bado. Akiweza kukueleza ukaelewa, kuigeuza kwa Kiingereza ni suala la maneno. Mzazi aliyeishia darasa la saba anaifanya kazi hii vizuri kuliko profesa, kwa sababu yeye anauliza kwa dhati.

5. Hesabu saa zake, kisha punguza

Chukua wiki moja ya kawaida uandike kila saa ya mtoto: njiani, vipindi, tuisheni, prepo, kazi za nyumbani, ibada, usingizi. Wazazi wengi wakiifanya hesabu hii hushtuka. Mtu mzima mwenye ratiba ile angeshaomba likizo.

Tuisheni ibaki kwa masomo yasiyozidi mawili, yale ambayo hesabu ya hatua ya pili imeonyesha yanahitaji msaada. Tuisheni ya masomo saba ni kurudia shule jioni, kwa bei. Kila wiki iwe na nusu siku isiyo na kitabu. Acheze mpira, asuke nywele, aende kwa binamu zake.

Kwa wasichana kuna jambo tusilopenda kulisema. Kaka na dada wanarudi saa kumi na moja jioni. Kaka anaoga na kufungua daftari, dada anaosha vyombo, anateka maji, anasonga ugali, anamwogesha mdogo wao. Saa tatu usiku, wakati kaka anafunga, dada ndiyo anaanza. Januari tunawalinganisha matokeo. Mwaka wa mtihani kazi zigawanywe kwa zamu iliyoandikwa, na baba ndiye aitangaze, ili isionekane dada amekuwa na kiburi.

6. Chunga ulimi

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ilikuwa desturi ya miaka mingi. Picha za watoto wale magazetini, na sisi wengine tukionyeshwa. Baraza limeacha. Sebule zetu bado zinaendelea.

"Mtoto wa jirani amepata ngapi?" "Unajua nimeuza nini ili usome?" "Ukifeli usirudi hapa." Maneno haya hutamkwa kwa mapenzi na kwa uchovu, lakini mtoto anayasikia kama masharti. La tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu wapo wanaoliamini.

Jaribu kubadilisha hivi:

Badala ya "umekuwa wa ngapi?", uliza "swali gani lilikusumbua?"

Badala ya "mwenzako mbona ameweza?", sema "mwezi uliopita ulikuwa na 33, sasa una 39, umefanyaje?"

Badala ya "sisi tumejinyima kwa ajili yako", sema "ada ni kazi yangu, kusoma ni yako, na matokeo tutayapokea pamoja."

Sentensi hiyo ya mwisho isemwe zaidi ya mara moja. Isemwe siku ya kawaida, si siku ya karatasi mbaya. Isemwe pia kabla ya mahafali, kwa sababu mahafali yetu hufanyika kabla ya mtihani. Keki imekatwa, mashada yamevishwa, wajomba wametoka mikoani, na mtoto aliyevaa joho anajua hajafanya hata pepa moja. Sherehe ikiwa kubwa kuliko uwezo, mtoto huibeba kama deni. Fanyeni ndogo.

Shangazi wa Jumapili naye ashughulikiwe. Mpokee simu wewe, mwambie: "Wifi, mwombee tu. Maswali ya divisheni tuyaache hadi Januari."

7. Nenda shuleni kabla hujaitwa

Shule nazo zina presha yao. Mkuu wa shule anaulizwa na ofisi ya elimu, mwalimu anaulizwa na mkuu, na mwisho wa mnyororo yuko mtoto. Kwa hiyo nenda kama mshirika. Anza na mwalimu wa darasa, si na mkuu.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimekuja kuhusu kijana wangu. Nyumbani halali vizuri, na Jumapili tumbo linamsumbua. Darasani anaonekanaje?"

Hapo mwalimu atakueleza asiyoyaandika kwenye ripoti. Uliza na jina la mwalimu wa ushauri na unasihi. Shule nyingi zinaye, ila watoto wengi hawajui mlango wake.

Kama mtoto anachapwa kwa kila alama iliyopungua, sema wazi kwamba hukubaliani, na ijue kanuni. Kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002, viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, havizidi vinne, na huandikwa kwenye kitabu maalumu. Kumchapa mtoto kwa sababu amepata 38 badala ya 50 hakumo humo, na hakuongezi hata alama moja.

Mwenye mtoto bweni ana siku ya kutembelea. Wengi huitumia vibaya: mzazi anashuka kwenye basi na hotipoti ya pilau, na kabla kifuniko hakijafunguliwa anauliza moko. Mpe ale kwanza. Mweleze habari za nyumbani, mbuzi amezaa, mdogo wake ameng'oka jino. Mtazame shingo na mikono kama amekonda. Karatasi za mitihani ziwe za nusu saa ya mwisho. Kabla ya kuondoka, salimiana na matroni au patroni na umwachie namba yako, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani analia usiku.

8. Wiki ya mtihani

Nyumba iwe ya kawaida. Chakula kiwe kile alichozoea. Si wiki ya kujaribu dawa za kuongeza kumbukumbu wala mitishamba ya jirani. Dua na sala ni jambo jema, ila zifanyike jioni mapema. Mkesha wasimamie wazazi, mtahiniwa alale.

Jioni aandae mkebe, kalamu mbili, rula na namba yake ya mtihani, aviweke pamoja. Ajue njia na usafiri wa asubuhi, ili awe amefika mapema kabla pepa haijaanza.

Mwenye hofu kali anaweza kutumia mbinu hii. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi walioandika hofu zao kwenye karatasi kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenye wasiwasi ambao hawakuandika. Aandike kwa Kiswahili, kwa lugha ya moyoni, kisha aichane karatasi.

Ndani ya chumba, mikono ikitetemeka, aweke kalamu chini. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Kisha atafute swali analolijua aanze nalo, hata kama ni la tisa.

Akirudi, usimwambie alete pepa muifanye upya. Iliyokwisha imekwisha, na kesho kuna nyingine. Mpe chakula.

9. Siku ya matokeo

Matokeo hutoka kwa kawaida Januari, na kwenye matokeo ya kidato cha nne yaliyo kwenye tovuti ya Baraza hakuna majina. Kuna namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja na gredi ya kila somo. Maana yake ni moja: mwenye namba ya mwanao ana siri yake. Tangu Novemba majirani na wajomba huanza kuomba, "nipe namba yake nimwangalizie". Usiitoe. Namba ni ya mtoto, na yeye ndiye afungue kwanza, akiwa na mtu anayempenda pembeni.

Andaa sentensi yako ya kwanza mapema, kwa sababu siku ile mdomo hautakungoja. Iwe fupi na iwe ile ile kwa matokeo yoyote: "Asante kwa kunionyesha. Njoo ukae." Baada ya hapo simu izimwe kwa saa chache. Matokeo yakiwa mabaya, siku tatu za mwanzo zisiwe za uamuzi wowote. Ziwe za kula, kulala na kutoachwa peke yake.

Siku ya nne, chukueni tena karatasi na kikokotoo. Njia ziko nyingi kuliko mtoto anavyodhani. Anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na si lazima arudie masomo yote. Mwenye D nne katika masomo yasiyo ya dini anaweza kutafuta nafasi ya astashahada kwenye vyuo vya kati, akiangalia masharti ya kila kozi. Kuna vyuo vya ufundi vya VETA, ambako fundi umeme, mshonaji na fundi wa magari hufundishwa kwa vitendo na kupewa cheti kinachotambulika. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi karibu kila kona ya nchi. Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayostahili kutajwa kwa sauti ya msiba.

10. Pale presha inapokuwa ugonjwa

Kuna mpaka ambao mbinu za nyumbani hazivuki. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo mtoto hana furaha na chochote, halali usiku au analala tu kutwa, hali chakula, anajitenga, anasema yeye ni mzigo, anagawa vitu vyake alivyokuwa akivipenda, au anazungumza kana kwamba mwakani hatakuwepo, usisubiri mtihani upite.

Muulize waziwazi, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo?" Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi, humpa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, usimkemee wala usimhubirie. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani mahali anapoweza kufika, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia kliniki ya afya ya akili. Jina la hospitali ya akili ya Mirembe limegeuzwa tusi mitaani, na tusi hilo limewachelewesha wagonjwa wengi mno. Kwenda kumwona daktari wa akili ni sawa na kwenda kumwona daktari wa macho.

Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandike kwenye ile karatasi ya hesabu ukutani, chini kabisa, bila maelezo mengi.

Mzazi mwenzangu, mambo ni kumi na huwezi kuyaanza yote kesho. Anza na moja, na lianze leo. Saa nne usiku ikifika, gonga mlango wa chumba chake, funga kitabu kilicho wazi, mwambie alale. Na karai kama lipo chini ya meza, litoe uani likafulie nguo.